Uzi maalumu: Miraba ya kwilti ya viraka holela kwa mabaki ya vitambaa

#1 FundiHanamu

Wakuu, salaam. Maswali ya kwilti (tandiko la vitambaa vilivyounganishwa) ya viraka holela yametapakaa kwenye nyuzi nyingine na kila mtu anajibiwa nusunusu, kwa hiyo tuyakusanye hapa. Nazungumzia ule mtindo wa vipande visivyo na umbo maalumu, hariri kando ya mahameli, satini kando ya pamba, kisha kila mshono unafunikwa kwa darizi. Ukiutazama unadhani mtu kamwaga mabaki akayashona yalipoangukia. Siyo hivyo. Uholela wake unapangwa, na kazi kubwa inaisha kabla hujatunga uzi wa kudarizi.

Vipimo vya mfano: mraba uliokamilika wa sm 30. Kitambaa cha msingi kata sm 36 kwa 36. Kiwe cha pamba nyepesi iliyofumwa sawasawa, merikani laini inatosha kabisa. Shuka la mchanganyiko wa poliesta lililobana halifai, maana sindano ya mkono inakwama na utaumia vidole bure. Kifue kwa maji ya moto, kipige pasi, ndipo ukate. Chora kwa penseli mraba wa sm 30 katikati, na mwingine wa sm 34 kuuzunguka. Wa ndani ndio utakaoonekana mwishoni. Wa nje ni mpaka ambao viraka vyote lazima viufikie. Ile ziada ni kwa ajili ya darizi: nyuzi zikishakaa, mraba hupungua sentimita moja hivi, na ukiujaza sana hupungua zaidi.

Kiraka cha kwanza kiwe na pande tano zisizolingana, upana sm 7 hadi 9. Kiweke karibu na katikati lakini si katikati hasa, kisogeze sm 3 au 4 kuelekea kona moja. Pande tano kwa sababu ukianza na nne utaishia na mistatili iliyopangana, na jicho litaunasa mpangilio mara moja. Kibane kwa pini mbili, uso juu.

Kiraka cha pili kiwe na ukingo ulionyooka, mrefu kuliko upande mmoja wa kile cha kwanza. Kilaze uso kwa uso, kingo zilingane, shona mm 6 kutoka ukingoni ukipitisha sindano hadi kwenye msingi. Kifungue, kipige pasi. Sasa weka rula na ukate ncha zake mbili zifuate mistari ya pande jirani za kiraka cha kwanza. Wengi huteleza hapa. Usipokata hizo ncha, kiraka cha tatu hakitapata ukingo mmoja mnyoofu wa kukalia, na kwenye kona litabaki tundu linaloonyesha msingi.

Kiraka cha tatu kinafunika upande unaofuata wa kile cha kwanza pamoja na ncha ya cha pili. Endelea kuzunguka njia moja, usigeuze katikati ya safari. Kila baada ya mshono kunja msingi nyuma upunguze ziada ya viraka hadi mm 6, bila kuukata msingi wenyewe. Ukiiacha, hariri nyeupe itaonyesha kivuli cha kitambaa cheusi kilichojificha chini yake.

Mraba wa ukubwa huu hula viraka 12 hadi 18. Chini ya hapo unakosa mishono ya kupamba. Ukivuka 20 darizi za mishono jirani zinaanza kugongana.

#2 Mgeni_Sindano

Asante mkuu. Mzunguko wa kwanza unaeleweka. Wa pili viraka vinageuka mikanda, upande mmoja unafika sm 18 au 20. Hilo linatibiwaje?

#3 Kastabini

Hilo ndilo tatizo namba moja la njia ya kuzunguka. Zipo dawa tatu, na mraba mzuri hutumia zote.

Ya kwanza: unganisha mabaki mawili au matatu nje ya mraba kabla ya kuyaweka. Mishono yake iende mshazari, mmoja uegemee kulia mwingine kushoto, kisha nyoosha ukingo mmoja kwa rula ulitumie kundi lote kama kiraka kimoja. Ule upande wa sm 20 unakuwa na rangi tatu na mishono miwili ya ziada ya kudarizi.

Ya pili: usikate ncha kwa pembe moja kila mara. Mara ingiza rula ndani, mara itoe nje, ili umbo linalokua lisirudie pande zile zile. Ukikata kona moja iliyochongoka unapata upande mpya mfupi, na upande mfupi unataka kiraka kifupi.

Ya tatu: lipasue lile eneo refu baadaye. Chukua kipande chenye ukingo wa mviringo, kunja mm 6 kuelekea mgongoni, kipige pasi, kikalishe juu ya ule mkanda na ukishone kwa mkono kwa mshono wa kuficha. Mstari uliopinda huvunja ukali wa mistari minyoofu yote iliyotangulia.

Binafsi napenda kuanzia konani. Weka kiraka chenye pembe kwenye kona moja ya msingi kisha nenda ukitanuka kuelekea kona ya pili. Huzungushi kitu, kwa hiyo mikanda mirefu inapungua, na kona yenyewe unaweza kuijaza kipepeo (umbo la pepeo la kujipepea) cha vipande 5 au 6 vyembamba. Kipepeo kimekuwa pambo la mtindo huu tangu zamani.

#4 LesiNaShanga

Msisahau njia ya wazee, isiyohitaji cherehani. Panga viraka vyote juu ya msingi kwanza, kila kimoja kikipanda juu ya jirani yake kwa sm 1, na hariri inayofumuka upesi iachie sm 1.2 au zaidi. Sogeza, badilisha, mpaka uridhike. Bana kwa pini, halafu kunja kingo za vile vilivyo juu tu, za chini ziache zimelala bapa. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa uzi wa rangi tofauti, hatua za sm 1.5. Darizi ndiyo itakayoshika kingo zote, bandi unaifumua mwishoni.

Faida yake ni kuuona mraba mzima kabla ya kushona chochote, na kuweka mviringo popote. Hasara ni muda, na ukikunja kingo mbili nene zikakutana, darizi itapita juu ya tuta.

#5 FundiHanamu

Sahihi kabisa dada Lesi. Kwa mahameli juu ya mahameli hata mimi nasema njia hiyo ndiyo salama. Cherehani huyasukuma: manyoya ya vipande viwili yakitazamana uso kwa uso, cha juu hutembea, unaanza kingo zikiwa sawa unamaliza zimepishana sm 1. Anayelazimika kutumia cherehani apige bandi mistari miwili, mmoja kila upande wa mstari wa kushona, alegeze mguu wa cherehani, atumie sindano namba 90/14 na hatua ya mm 3. Kwa hariri nyembamba sindano 70/10, pamba ya kawaida 80/12.

#6 PasiMoto

Nadandia kwenye pasi, maana mabaki mengi hayana lebo na watu wanayeyusha vitu.

Kama hujui kitambaa ni cha nini, chomoa nyuzi chache za ukingoni, zishike kwa koleo dogo juu ya sahani ya bati na uziguse kwa moto. Pamba na kitani hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika kwa vidole. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Kikiacha kidonge, pasi iwe ya chini na daima weka kitambaa cha pamba katikati.

Mahameli usiyapige pasi usoni hata siku moja. Laza kipande kingine cha mahameli au taulo nene mezani, uso wa mahameli yako uutazame, pasi ipite mgongoni bila kukandamiza, mvuke ufanye kazi. Manyoya yakishalala chini ya uzito wa pasi, mengine hayaamki tena. Mishono ya mahameli afadhali kuifungua kwa kucha au kijiti.

Kisha jaribio la rangi. Lowesha kitambaa cheupe, sugua kila kipande chekundu, cha buluu iliyokoza na cheusi. Kikitoa rangi, kiwekwe pembeni. Mraba huu hauwezi kufuliwa kama shati, lakini jasho la mikono na mvuke wa pasi vinatosha kumwaga rangi kwenye hariri nyeupe ya jirani.

La mwisho: kila kitambaa chepesi kigandishwe kwa pasi kile kitambaa chembamba cha gundi mgongoni kabla ya kukatwa. Hakifumuki, hakivutiki, hakionyeshi cha chini.

#7 Kastabini

Hapo kwa "kila kitambaa" tunaachana, mkuu. Tayari kuna msingi mgongoni. Ukiongeza gundi kwenye viraka vyote 15, sindano inapita tabaka nne za kitambaa na gundi, uzi unachubuka, na mraba unakuwa mkavu mithili ya kadi. Mtu anayedarizi saa nyingi ataujua ubaya wake kwenye vidole.

#8 PasiMoto

Sawa, nirekebishe: vitambaa vinavyofumuka sana, vinavyovutika na vinavyoonyesha ndani. Yaani hariri ya tai, satini laini, jezi, na hariri za kufumwa kwa nyuzi za dhahabu ambazo ukizikata tu zinaanza kujichambua. Tai hasa: imekatwa hanamu (mshazari wa nyuzi za kitambaa), ukiifumua ikawa bapa inavutika pande zote. Gandisha kwanza, kata baadaye. Pamba na mahameli ya pamba yasiguswe.

#9 Kastabini

Hapo tuko pamoja.

#10 Mgeni_Sindano

Na rangi je? Nikiweka kila kipande chenye maua na michoro, mraba unakuwa kelele tupu na darizi haionekani.

#11 LesiNaShanga

Umejijibu nusu. Darizi inataka uwanja mtupu. Katika viraka 15, kumi viwe vya rangi moja bila michoro, vitano vilivyobaki ndivyo vya michoro, na visigusane kingo. Viwili vyenye michoro vikikutana, mshono kati yao unapotea hata uudarizi kwa uzi wa namna gani.

Changanya mng'ao pia, si rangi peke yake. Satini inayorudisha mwanga ikae jirani na mahameli yanayoumeza, pamba isiyong'aa iwatenganishe. Kuhakiki, piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe. Viraka vikiungana kuwa doa moja la kijivu, giza na mwanga havijapangwa, ongeza kimoja kilichokoza sana na kimoja cheupe. Rangi moja ijirudie sehemu tatu zinazounda pembetatu pana, macho yazunguke mraba mzima.

Lesi na utepe vina wakati wake. Lesi ambayo ukingo wake utaingia mshononi lazima iwekwe kabla ya kushona: ilaze juu ya kiraka kilichopo, uso wake juu, ukingo mbichi ulingane na ukingo wa kiraka, kisha kiraka kipya kije juu yake. Ukikumbuka lesi baada ya kushona, utalazimika kukunja ncha zake na kuzishona juu, zinaacha vinundu. Lesi pana yenye matundu ilaze juu ya satini iliyokoza izibe kiraka chote. Lesi nyeupe juu ya rangi hafifu ni kazi ya bure.

#12 MshonoWaPili

Sasa darizi. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Uzi: pamba ya nyuzi sita itenganishwe, tumia nyuzi mbili kwa kazi nyembamba, tatu kwa mstari mkuu. Pamba iliyosokotwa isiyotenganishwa, namba 8 kwa mistari mikuu, namba 12 kwa nyongeza (namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba). Urefu sm 45, basi. Uzi mrefu zaidi unasuguliwa kila unapopita, ukifika mwisho umeshapoteza mng'ao. Uzi wa metali kata sm 30 na tumia sindano yenye tundu kubwa, la sivyo ngozi yake ya dhahabu inavuliwa tunduni.

Kila mshono una hatua tatu. Mstari mkuu kwanza, unaokanyaga viraka vyote viwili: unyoya, mifupa ya samaki, blanketi, au mnyororo. Nyongeza ya pili inakaa kwenye ncha za mstari mkuu, kwa kawaida vitanzi vya petali, kimoja au vitatu. Ya tatu ni nukta: fundo la Kifaransa au ushanga. Anayeanza na nukta anajifunga mwenyewe, maana hazitalingana na chochote.

Mfano wa unyoya, mshono wenye kusamehe kuliko yote. Uzi utoke juu, kwenye mstari wa mshono wa viraka. Ushike chini kwa kidole gumba. Ingiza sindano mm 6 kulia, usawa ule ule, itokee mm 5 chini yake katikati ya mstari, uzi ukiwa chini ya ncha ya sindano. Vuta mpaka kitanzi kilale, kisikaze. Sasa fanya vivyo hivyo kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mkono ukiyumba milimita moja hakuna atakayeona. Mifupa ya samaki haina huruma hiyo: mistari yake miwili ya juu na chini lazima ilingane, mm 8 kwa urefu, hatua ya mm 5.

Kwa mishono inayotaka vipimo, pima urefu kabla ya kuanza. Mshono ukiwa sm 11 na hatua yako ni mm 12, utabaki na kipande cha hatua kwenye kona. Weka mm 11, unapata hatua 10 kamili. Kata utepe wa karatasi, uweke alama kwa kalamu kila hatua, ubane kwa pini sambamba na mshono na udarizi ukiufuata. Hakuna alama inayobaki kwenye kitambaa.

Fundo la Kifaransa linawashinda watu kwa kosa moja, wanarudisha sindano kwenye tundu lile lile na fundo linapita upande wa pili. Zungusha uzi mara mbili, rudisha sindano nyuzi moja au mbili za kitambaa pembeni, na mkono wa kushoto uushike uzi umekaza mpaka sindano imezama yote. Ukitaka fundo kubwa ongeza unene wa uzi, usiongeze mizunguko. Mizunguko minne inaanguka upande.

#13 Mgeni_Sindano

Mkuu MshonoWaPili, mraba ukijikunja katikati baada ya darizi, tatizo ni mkono au kitambaa?

#14 MshonoWaPili

Geuza mraba utazame mgongo, jibu liko huko. Nyuzi zikiwa zimekaza na msingi umeinuka kufuata kila mshono, ni mkono wako unavuta. Mgongo ukiwa bapa lakini uso una uvimbe, kiraka kilishonwa kikiwa kimelegea au hakikupigwa pasi vizuri baada ya kufunguliwa, na darizi imekuja kuzungushia ule ulegevu ukuta. Nyuzi zinazorukaruka kutoka motifu (pambo) moja hadi nyingine kwa zaidi ya sm 2 nazo huvuta, funga na ukate uanze upya.

Msingi mwembamba mno pia unachangia. Ukiona mwanga unapenya kirahisi na ukiuvuta hanamu unajiachia sana, weka tabaka mbili.

Uvimbe mdogo unafichika: weka juu yake ua la utepe au kundi la vifungo, uukamate hadi kwenye msingi. Uvimbe mkubwa, fumua.

#15 PasiMoto

Niongeze kuhusu fremu ya duara ya kudarizia. Ikibanwa juu ya mahameli au satini inaacha pete, na pete ya mahameli haitoki. Tumia fremu ya mraba yenye nafasi ya ndani kubwa kuliko mraba wenyewe, upige bandi kingo za msingi kwenye vipande vya kitambaa vilivyofungwa kwenye fremu. Ndiyo sababu nyingine ya kuukata msingi sm 36. Darizi inayopita juujuu kama unyoya haihitaji hata fremu, inashonwa mkononi.

#16 Kastabini

Na kalamu! Kalamu inayofutika kwa joto isiguse kitambaa kilichokoza. Pasi inaondoa rangi lakini huweza kuacha alama nyeupe, na baridi kali huweza kuurudisha mchoro. Inayofutika kwa maji inataka maji, na hariri ikilowa sehemu moja inabaki na mduara wa maji. Tena ukiipitishia pasi kabla ya kuifuta, huganda. Chaki ya mshonaji kwa mistari mifupi inatosha. Kwa motifu kubwa, mfano utando wa buibui au ua, chora kwenye karatasi nyembamba laini, ibane juu ya kiraka, pitisha mshono mdogo wa bandi juu ya mistari, kisha ichane karatasi taratibu. Bandi ndiyo mchoro wako.

#17 Mgeni_Sindano

Hiyo ya karatasi inafaa kwenye mahameli?

#18 Kastabini

Ndiyo njia pekee ninayoiamini kwenye mahameli. Chaki inapotea kwenye manyoya ukigusa mara mbili. Ila kumbuka uzi mwembamba unazama. Tumia uzi mnene zaidi, namba 5 au 8, na chagua mishono inayokaa juu: mnyororo, unyoya, mafundo. Mshono wa shina kwa nyuzi mbili utautafuta kwa tochi.

#19 LesiNaShanga

Kuna jambo wanunuzi wa mabaki ya zamani walijue. Mtindo huu ulivuma Marekani miaka ya 1880, baada ya Maonyesho ya Philadelphia ya 1876 kuwaonyesha watu sanaa ya Japani na mipangilio yake isiyo na ulinganifu. Kwilti hizi zilikuwa za kutandazwa sebuleni zionekane, si za kujifunika, ndiyo maana nyingi hazina pamba ya kujazia. Sasa, hariri nyingi za kipindi kile ziliongezewa uzito kwa chumvi za metali, hasa bati, kwa sababu hariri iliuzwa kwa uzito. Chumvi hizo hukata nyuzi kadiri miaka inavyopita, mpaka kitambaa kinapasuka mistari mistari hata kama hakijaguswa.

Ukipata kipande cha zamani, kikunje kwa vidole pembeni kabisa. Kikitoa sauti ya kukatika au vumbi, kisiwe kiraka, kwa kuwa sindano ya darizi itakimaliza. Ukikipenda mno, kiwekee wavu mwembamba wa hariri juu, ushone wavu kwenye mishono ya jirani, na katikati pake usidarizi chochote.

#20 Mgeni_Sindano

Shanga na vifungo viwekwe lini? Na miraba inaunganishwaje bila ile gridi ya miraba kuonekana?

#21 FundiHanamu

Shanga mwisho kabisa, na zile za karibu na ukingo ziwekwe baada ya kuunganisha. Acha sm 2 kutoka mstari wa kushonea bila ushanga wala kifungo, la sivyo mguu wa cherehani utapanda juu yake, ama ushanga uvunjike ama sindano. Tumia uzi wa poliesta maradufu, na kila baada ya shanga 3 au 4 piga fundo mgongoni. Uzi ukikatika siku moja utapoteza nne, hutapoteza mstari mzima. Shanga ndogo za mm 2 zinataka sindano yao nyembamba, namba 10.

Kuunganisha: usiuamini tena ule mraba uliouchora mwanzoni, umeshapungua. Laza mraba uso chini juu ya taulo nene, piga pasi mgongoni, ugeuze, weka rula angavu na ukate sm 32 kamili. Hiyo ni sm 30 na nafasi ya mshono ya sm 1 kila upande. Kabla ya kuugusa tena, pitisha mshono wa cherehani mm 5 kutoka ukingoni kuzunguka pande zote, viraka visifumuke wala kuteleza. Shona mraba kwa mraba kwa hatua ya mm 2.5, kisha nafasi za mshono zifunguliwe pande mbili. Ukizilaza upande mmoja, tuta lake halidariziki.

Gridi inafichwa kwa njia mbili. Darizi mshono wa kuunganisha kwa mshono wa aina ile ile uliotumia ndani, usiubuni mpya, na usitumie aina moja kwa gridi yote maana utakuwa umeichora upya. Halafu hapa na pale weka kiraka cha ziada kinachovuka mpaka, nusu mraba huu nusu ule, kingo zikunjwe na kushonwa kwa mkono. Kimoja kwa kila mipaka miwili kinatosha.

#22 PasiMoto

Bitana nayo? Kuna wanaotaka kuichapa kwa cherehani mistari mistari.

#23 FundiHanamu

Hapana, mistari itakata darizi. Bitana ya pamba au satini ya pamba, hakuna kujaza. Ilaze chini, kazi juu, piga bandi kutoka katikati kwenda nje, kisha funga kwa mafundo kila sm 10 hadi 12. Sindano iingie kutoka mgongoni, ichukue msingi na nafasi ya mshono tu mahali viraka vitatu vinapokutana, irudi mgongoni, fundo maradufu, ncha zikatwe sm 1. Usoni hakionekani kitu. Pindo la mahameli likatwe upapi wa sm 6, kwenye uzi wa kitambaa na si hanamu, kwa sababu kingo ni nyoofu na hanamu ya mahameli inavutika mpaka pembe zinaanza kupinda.

#24 Mgeni_Sindano

Na vumbi likikaa juu, kwa kuwa haifuliwi?

#25 LesiNaShanga

Mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ya chini kabisa, na mdomo wake uufunike kwa wavu uliofungwa kwa mpira, ili ushanga uliolegea usiende. Usisugue, inua na uweke, inua na uweke. Ukiihifadhi izungushe kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, uso ukiwa nje, maana uso ukiwa ndani darizi inakunjamana na shanga zinabana mahameli. Jua la dirishani lisiiguse.

#26 Mgeni_Sindano

Nimenakili yote, dada. Nikianza na mraba mdogo wa sm 20 kwa majaribio, msingi niukate ngapi?

#27 Kastabini

Sm 26, viraka 7 hadi 9, kiraka cha kwanza kisizidi sm 6. Na anza na unyoya, mifupa ya samaki iache kwanza.